Shindano la Utunzi wa Nyimbo la Sanremo na Kuenea kwa Kiitaliano: Funzo kwa Upangaji wa Lugha ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna shindano la kitaifa la utunzi wa nyimbo linalofanyika kila mwaka katika mji wa Sanremo, nchini Italia, lilivyohusiana na kuenea kwa Kiitaliano sanifu tangu mwaka 1951. Hoja kuu ni kwamba kanuni za shindano, hasa kanuni ya lugha na kanuni ya kuushindanisha wimbo badala ya mwimbaji, ziliacha alama katika umbo la matini za nyimbo pendwa. Alama hiyo inaonekana zaidi katika miisho ya mishororo, mahali ambapo mkazo wa maneno ya Kiitaliano hugongana na mapigo ya muziki. Makala inalinganisha hali hiyo na kaida za mizani, vina na inkisari katika ushairi wa Kiswahili. Hatimaye inajadili mambo ya kuzingatiwa na nchi za Afrika Mashariki na Kati endapo zitataka kuutumia wimbo kama chombo cha kukieneza Kiswahili.

Maneno Msingi: utunzi wa nyimbo, usanifishaji, lahaja, mkazo, inkisari, Sanremo

1.0 Utangulizi

Kushindana kwa tungo si jambo geni kwa Waswahili. Malumbano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu katika karne ya 19 yanathibitisha kuwa shindano linaweza kuzaa fasihi inayodumu kuliko ugomvi ulioizaa. Lililo geni kidogo ni shindano linaloandaliwa na taasisi, likarushwa na redio ya taifa, likawa na kanuni zilizoandikwa, na likarudiwa kila mwaka kwa zaidi ya miaka 70. Sanremo ni mfano mkongwe wa shindano la aina hiyo, na ndilo lililotoa kielelezo kwa shindano la nyimbo la Eurovision lililoanza mjini Lugano, Uswisi, mwaka 1956.

Kwa mtafiti wa lugha, umuhimu wa Sanremo hauko katika umaarufu wa washindi wake. Uko katika swali hili: wimbo unapotakiwa kueleweka na taifa zima ambalo sehemu kubwa ya watu wake hawaitumii lugha ya taifa nyumbani, lugha ya wimbo huo inakuwaje? Swali hilo linawahusu moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili walio nje ya pwani, ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu.

2.0 Hali ya Lugha Nchini Italia Kabla ya Shindano

Italia iliungana kuwa dola moja mwaka 1861. Kwa makadirio ya mwanaisimu Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha historia ya lugha ya Italia kilichotoka mwaka 1963, waliokuwa na uwezo wa kuzungumza Kiitaliano wakati huo walikuwa takribani asilimia 2.5 tu ya watu wote. Wataalamu wengine walikadiria idadi kubwa zaidi, lakini hakuna aliyedai kuwa Kiitaliano kilikuwa lugha ya wengi. Kilikuwa lugha ya maandishi, iliyojengwa juu ya lahaja ya Firenze kama ilivyotumiwa na waandishi wa karne ya 14.

Hapa panahitajika tahadhari. Vinavyoitwa “lahaja” nchini Italia, kama vile Kinapoli, Kisisilia na Kivenisi, si matawi ya Kiitaliano sanifu. Ni ndugu zake, kwa kuwa vyote vilitokana na Kilatini kila kimoja kwa njia yake. Msemaji wa Kimvita na msemaji wa Kiunguja huelewana bila taabu kubwa, ilhali mkulima wa Sisilia na mwenzake wa Piemonte wasingeelewana endapo kila mmoja angeshikilia lugha ya nyumbani kwake.

De Mauro alionyesha kuwa Kiitaliano kilienezwa na mambo mengi kwa pamoja: shule, jeshi, utumishi wa serikali, magazeti, kuhamia mijini, na baadaye redio na televisheni. Shirika la utangazaji la taifa, RAI, lilianza matangazo rasmi ya televisheni tarehe 3 Januari 1954. Kati ya mwaka 1960 na 1968 lilirusha kipindi cha mwalimu Alberto Manzi cha kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kwa hiyo haitakuwa sahihi kudai kwamba nyimbo peke yake ndizo zilizowafundisha Waitaliano lugha yao. Hata hivyo, wimbo ulikuwa na sifa ambayo darasa halina: msikilizaji aliurudia kwa hiari yake, neno kwa neno, akiwa shambani au jikoni.

3.0 Shindano Lilivyofanya Kazi

Wazo la shindano linahusishwa na Amilcare Rambaldi, mfanyabiashara wa maua wa Sanremo, aliyelipendekeza mara baada ya Vita Kuu ya Pili kama njia ya kuufufua mji huo wa pwani ulio karibu na mpaka wa Ufaransa. Shindano la kwanza lilifanyika tarehe 29 hadi 31 Januari 1951 katika ukumbi wa kasino ya mji, wageni wakiwa wameketi mezani, na RAI ikalirusha kwa redio. Nyimbo zilikuwa 20, ilhali waimbaji walikuwa Nilla Pizzi, Achille Togliani na mapacha wawili wa kike walioitwa Duo Fasano. Mshindi alikuwa “Grazie dei fior”, wimbo wa shukrani kwa maua, ulioimbwa na Nilla Pizzi. Mwaka uliofuata mwimbaji huyo huyo alitwaa nafasi zote 3 za juu.

Kwa mtazamo wa leo jambo hilo linashangaza: mwimbaji mmoja anawezaje kujishinda mwenyewe? Jibu ni kwamba hakuwa mshindani. Kilichoshindana ni utungo, na mwimbaji alikuwa sauti tu ya kuufikisha. Msimamo huo uliimarishwa mwaka 1953, ulipoanzishwa utaratibu wa kila wimbo kuimbwa na waimbaji wawili tofauti, kila mmoja kwa mpangilio wake wa muziki. Wasikilizaji waliweza kutenganisha ubora wa utungo na uzuri wa sauti, kwa kuwa maneno yale yale yalipita katika vinywa viwili.

Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1971. Kuanzia mwaka 1964 ulitumiwa pia kuwaalika waimbaji wa nje, ambao walilazimika kuimba kwa Kiitaliano. Mwaka 1968, kwa mfano, Louis Armstrong wa Marekani aliimba wimbo mmoja na Lara Saint Paul, mwimbaji aliyezaliwa Asmara, Eritrea. Mwaka 1969 Stevie Wonder naye alipanda jukwaa hilo. Kwa msikilizaji wa Calabria ambaye Kiitaliano chake kilikuwa cha kujifunza, kumsikia Mmarekani maarufu akihangaika na maneno yale yale kulikuwa na maana yake: hakuwa mwanafunzi peke yake.

Uimbaji wa wawili ulipokoma mwaka 1972, uzito ulihama taratibu kutoka kwa utungo kwenda kwa mwimbaji. Majina ya watunzi wa maneno, ambayo wasikilizaji makini waliyafahamu, yalirudi nyuma ya pazia.

4.0 Mkazo, Inkisari na Mwisho wa Mshororo

Kiitaliano na Kiswahili vinafanana katika jambo moja la kifonolojia: maneno mengi hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mswahili husema mlima, daima, hekima. Mwitaliano husema amore (upendo), cuore (moyo), fiori (maua). Pamoja na kufanana huko, mapokeo ya ushairi ya lugha hizi mbili yalichukua njia tofauti.

Katika ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo, mizani huhesabiwa kwa silabi, na kina hukaa kwenye silabi ya mwisho hata kama haina mkazo. Mlima, daima na hekima hushirikiana kina cha -ma. Katika Kiitaliano, hesabu ya mshororo huongozwa na mkazo wa mwisho, na kina huanzia kwenye irabu yenye mkazo. Cuore na amore yana kina kimoja, -ore. Cuore na mare (bahari) hayana kina kwa Mwitaliano, ingawa mshairi wa Kiswahili angeridhika na -re.

Tofauti hii huleta tatizo kwenye muziki. Midundo mingi ya nyimbo pendwa humalizia kishazi cha muziki kwa pigo zito. Mtunzi wa Kiswahili huweza kuiweka silabi ya mwisho isiyo na mkazo juu ya pigo hilo, na sikio la Mswahili, lililozoea kina kukaa hapo, halishtuki. Mtunzi wa Kiitaliano hukabiliwa na ugumu, kwa sababu anahitaji neno linaloishia kwa mkazo, na maneno ya namna hiyo ni machache katika lugha yake.

4.1 Suluhisho la kwanza: kukata neno

Watunzi wa maneno ya opera walikuwa wamelitatua tatizo hilo zamani kwa kudondosha irabu ya mwisho baada ya konsonanti kama r, l na n. Amore likawa amor, cuore likawa cuor. Mshairi wa Kiswahili ataitambua mbinu hiyo mara moja: ni inkisari. Tofauti ni kwamba inkisari ya Kiswahili mara nyingi hupunguza mwanzo wa neno ili kutimiza mizani, kama katika meona badala ya nimeona, ilhali ya Kiitaliano hukata mwisho ili kuufikisha mkazo ukingoni.

Wimbo uliokuwa mshindi wa kwanza wa Sanremo unaibeba mbinu hiyo katika jina lake: fior ni fiori lililokatwa. Mwaka 1951 hakuna aliyesema fior sokoni katika muktadha wa namna hiyo. Lilikuwa neno la jukwaa la opera na la vitabu vya mashairi. Matokeo yake, shindano lililowafikia mamilioni ya watu waliokuwa wakijifunza Kiitaliano liliwapa kwanza Kiitaliano ambacho hakuna aliyekizungumza.

4.2 Suluhisho la pili: kutafuta maneno yanayoishia kwa mkazo

Mwaka 1958 ushindi ulikwenda kwa “Nel blu dipinto di blu”, uliotungwa na Domenico Modugno na Franco Migliacci, na kuimbwa na Modugno pamoja na Johnny Dorelli. Ulimwengu unaufahamu zaidi kwa jina la “Volare”, yaani kuruka angani. Mwaka 1959, katika utoaji wa kwanza wa tuzo za Grammy nchini Marekani, ulitunukiwa rekodi bora na wimbo bora wa mwaka.

Mengi yamesemwa kuhusu mikono ya Modugno iliyotandazwa kama mbawa. Kwa mwanaisimu, jambo la kuangaliwa ni neno blu. Ni neno la kawaida la rangi, lililokopwa kutoka Kifaransa, lenye silabi moja, kwa hiyo mkazo wake uko mwisho bila kukatwa. Mtunzi alipata pigo zito bila kuazima neno kwenye kabati la opera. Inafaa kukumbuka pia kwamba Modugno, mzaliwa wa Polignano a Mare katika mkoa wa Puglia, alikuwa amejijengea jina kwa nyimbo za lahaja za kusini.

Baada ya hapo njia ilifunguka. Mshindi wa mwaka 1961 aliitwa “Al di là”, maneno ambayo Mogol aliyaandika kwa muziki wa Carlo Donida. Mshindi wa mwaka 1964, aliyeimbwa na Gigliola Cinquetti akiwa na miaka 16, aliitwa “Non ho l’età”. Majina yote mawili yanaishia kwa irabu yenye mkazo, na yote mawili yameundwa kwa maneno ya mazungumzo ya kila siku. Mario Panzeri, aliyeshiriki kuandika maneno ya wimbo wa mwaka 1964, ndiye pia aliyeshiriki kuandika ule wa mwaka 1951. Kwa hiyo mabadiliko hayakutokana na kuja kwa kizazi kipya tu. Mtunzi yule yule alibadilisha chombo chake.

Suluhisho hili nalo lilikuwa na gharama. Kapu la maneno yanayoishia kwa mkazo ni dogo: viwakilishi kama me na te (mimi, wewe), vielezi kama più na là (zaidi, kule), nomino zenye kiambishi -tà, na vitenzi vya wakati ujao vya nafsi ya kwanza na ya tatu umoja. Mtunzi akiyategemea sana, wimbo hujaa mimi na wewe, na hujaa ahadi za kesho. Wahakiki waliolalamika kwamba nyimbo za Sanremo zinafanana walikuwa na haki, ila walitafuta chanzo katika biashara peke yake. Sehemu ya chanzo ilikuwa katika sarufi.

5.0 Waliobaki Mlangoni

Malalamiko hayo yalikuwa makali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kikundi cha Cantacronache cha mjini Torino kilianza kutunga nyimbo kuhusu kazi, vita na maisha ya wanyonge kwa nia ya kuipinga mikondo ya Sanremo. Mwaka 1964 Umberto Eco aliujadili wimbo wa kibiashara kama zao la viwanda linalomrudishia msikilizaji kile alichokwisha kukizoea. Wakati huo huo lilienea neno jipya, cantautore, yaani mtu anayejitungia na kujiimbia. Kuwapo kwa neno hilo kulionyesha kuwa kazi zilizotenganishwa na shindano, ya mtunzi na ya mwimbaji, zilikuwa zinatafuta kuungana.

Mgongano huo ulifikia kilele cha kusikitisha mwaka 1967. Luigi Tenco, mtunzi-mwimbaji wa miaka 28, aliingia shindanoni na “Ciao amore ciao”, wimbo unaozungumzia kijana anayeyaacha mashamba ya kwao kwenda kutafuta maisha. Dalida aliuimba pia, kwa kanuni ya waimbaji wawili. Wimbo haukufuzu. Usiku huo Tenco alifariki hotelini kwa kujiua, akiacha barua iliyoeleza kuwa anapinga chaguo la hadhira na la kamati. Shindano liliendelea kesho yake.

Si kazi ya makala hii kueleza kifo cha mtu kwa sababu moja. Kinachoweza kusemwa ni kwamba taifa lililokuwa linahama kutoka mashambani kwa wingi halikuupa nafasi wimbo uliolielezea tendo hilo kwa lugha nyofu. Mwaka 1972 Rambaldi, yule yule aliyelitoa wazo la shindano, alianzisha Club Tenco, na kuanzia mwaka 1974 tuzo yake ikawatambua watunzi-waimbaji, nje ya ushindani wa kura. Kwa kitendo hicho aliyepanda mti alikiri kwamba kivuli chake hakikuwatosha wote.

6.0 Mpaka wa Lugha ya Taifa

Kundi jingine lililobaki mlangoni ni lahaja. Kinapoli, chenye hazina kongwe ya nyimbo, kilipata shindano lake mjini Napoli kuanzia mwaka 1952. Kwa njia hiyo kilienziwa, na papo hapo kikatengwa. Mlango wa Sanremo ulifunguka polepole. Mwaka 1991 Pierangelo Bertoli na kundi la Tazenda waliimba wimbo uliochanganya Kiitaliano na Kisardinia, ukapokelewa vizuri. Kanuni za miaka ya karibuni zinazihesabu lahaja kuwa sehemu ya lugha ya shindano, na huruhusu maneno ya kigeni mradi wimbo usipoteze sura yake ya Kiitaliano.

Kanuni ikibadilika, masikio hayabadiliki siku hiyo hiyo. Mwaka 2019 mshindi alikuwa Mahmood, mzaliwa wa Milano mwenye baba Mmisri na mama wa Sardinia, kwa wimbo “Soldi” wenye sentensi moja ya Kiarabu. Kura za majopo zilimpa ushindi ilhali kura za simu zilimpendelea mwingine, na mjadala uliofuata ukahama kutoka kwenye muziki hadi kwenye siasa za nani ni Mwitaliano. Mwaka 2024 Geolier aliimba kwa Kinapoli, akaongoza kura za hadhira ya nyumbani na kumaliza wa pili. Aliposhinda usiku wa nyimbo za marudio, sehemu ya ukumbi ilimzomea. Kwa upande mwingine, waandishi wa Napoli walimlaumu kwa namna alivyokiandika Kinapoli, wakidai kwamba tahajia yake haikuuheshimu urithi wa lugha hiyo. Kijana mmoja alionekana na wengine kuwa si Mwitaliano wa kutosha, na wengine kuwa si Mnapoli wa kutosha.

7.0 Funzo kwa Kiswahili

Rwanda iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia hatua ya namna hiyo. Hadhi ya kisheria peke yake haiziingizi lugha majumbani. Nyimbo za dansi kutoka Tanzania, Kenya na Kongo zilikwishavuka mipaka kabla ya sheria hizo, na leo Bongo Fleva inafanya hivyo bila kuombwa. Endapo taasisi za kanda zitaamua kuanzisha shindano la utunzi kwa Kiswahili, uzoefu wa Sanremo unapendekeza mambo manne.

Kwanza, tuzo ielekezwe kwa utungo. Wimbo mmoja ukiimbwa na wawili, kwa mfano mmoja wa Kigali na mwingine wa Mombasa, hadhira itayasikia maneno na si sauti tu, na mtunzi atapata heshima yake.

Pili, kanuni ya lugha iandikwe kwa upana tangu mwanzo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na uamuzi huo umeleta faida kubwa katika elimu. Shindano la nyimbo si mtihani wa shule. Kimvita, Kiamu na Kiswahili cha Lubumbashi vikihesabiwa kuwa Kiswahili kuanzia siku ya kwanza, hakutahitajika miaka 40 ya kuvibishia hodi.

Tatu, waamuzi waelewe kuwa kaida za arudhi ni msaada na si kizuizi. Kiswahili kina bahati kwamba kina chake hukaa mahali ambapo muziki hulemea, kwa hiyo mtunzi hana sababu ya kukimbilia msamiati mkongwe ili kuridhisha pigo. Mtunzi anayejifunza Kiswahili ukubwani aelekezwe kwenye lugha hai kabla ya kuelekezwa kwenye lugha ya diwani.

Nne, liwepo jukwaa la pili lisilo na kura. Kura hupima kinachopendwa leo. Wimbo wa anayelisema jambo ambalo jamii haijawa tayari kulisikia huhitaji mahali pengine pa kusubiri.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa shindano la Sanremo halikuwa dirisha tu la kuionyesha lugha ya Italia ilivyo. Lilikuwa pia karakana iliyoichonga. Kutoka fior hadi blu, na kutoka blu hadi sentensi ya Kiarabu ya mwaka 2019, miisho ya mishororo na kanuni za kuingia zimeandika historia ya nani alihesabiwa kuwa msemaji. Wapangaji wa lugha ya Kiswahili wanayo nafasi ya kuiandika kanuni yao kabla ya wimbo wa kwanza kuimbwa. Watakaoisoma kwa makini zaidi ni wale ambao Kiswahili chao bado kina lafudhi ya nyumbani, kwa kuwa ndio watakaojua, kabla ya kutunga neno lolote, kama wamekaribishwa.